Mzigo Uliovuka Barabara

2 Mei

Nesi wa zahanati kaniambia niandike. Nilikwenda kuomba dawa ya usingizi. Akaniuliza mke wangu alifariki lini, nikamjibu, akaweka kalamu chini na kusema dawa yangu ni daftari. "Kila siku andika unavyojisikia, mzee." Sijisikii chochote. Nitaandika hali ya hewa.

Jua. Mahindi mapya yameanza kuingia sokoni.

3 Mei

Jua.

6 Mei

Jua na upepo kidogo. Watu wanasema natembea kama mtu aliyesahau alichotumwa. Ni kweli, ila hakuna aliyenituma.

Nieleze kazi yangu, nesi akitaka kusoma asije akapotea. Nina mashine ya kusaga nafaka mwisho wa soko, mlango wa bluu. Ng'ambo ya barabara iko mashine ya Chapchap. Barabara yenyewe nyembamba, mmoja akipiga chafya mwenzake anamwambia afya. Chapchap kapewa jina hilo kwa sababu hujamaliza kumsalimia, unga wako umeshatoka. Kwangu mtu husubiri. Kuna mkeka sakafuni, na wanawake wawili huchambua mahindi kabla hayajamwagwa kwenye mashine: punje yenye ukungu au iliyosinyaa huku, nzima kule. Mkeka aliuanzisha mke wangu. Alikuwa na neno lake moja, ukitia shaka tupa. Wanawake wale hukaa kandokando na kuiacha nafasi yake katikati. Sijawaambia waiache, wala sijawaambia waikalie.

8 Mei

Bibi Kipimo amepita. Ndiye mkaguzi wa serikali. Ana kifaa cha kupima unyevu, anakichomeka katika gunia, anasubiri huku amefumba jicho moja, kisha anasema "sawa" au "anika". Gunia lililoambiwa "anika" halisagwi kwa biashara mpaka likauke, maana mahindi mabichi huota ukungu na ukungu una sumu. Hilo silipingi. Ila mwanamke huyu aliwahi kunifungia wiki nzima kwa sababu mlango wangu haukuwa na rangi. Mlango! Kama vile mahindi husagwa na mlango. Chapchap naye alifungiwa kwa mlango. Ni jambo pekee ambalo mimi na jirani yangu tumewahi kukubaliana.

Sikumkaribisha chai. Hakuomba.

10 Mei

Mawingu.

13 Mei

Mvua, na si wakati wake. Pakiti za mbegu ziliahidi mavuno kwa miezi mitatu, mbingu hazikuulizwa.

Binti yangu na mumewe walikuja kula. Binti ni mjamzito, anatembea ameshika kiuno. Mkwe wangu hununua mahindi mashambani na kuyauza mjini. Sokoni wanamwita Soko Huru, kwa sababu ukimuuliza habari za asubuhi atakujibu kwa habari za soko huru. Namkubali. Ni mchapakazi, na anampenda mwanangu bila kujificha.

"Baba, hebu niambie," akasema, mdomo umejaa. "Mtu kalima, kavuna, kaleta. Mnunuzi yupo, pesa anayo. Huyu mama na kifaa chake anatafuta nini katikati?"

"Unyevu," nikasema.

Binti akacheka. Yeye hakucheka. "Mteja hana macho? Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwenye unga mbaya atakosa wateja, atafunga mwenyewe. Soko linajisafisha, Baba."

Nilimwambia aongeze mboga.

16 Mei

Mvua. Leo nimeona kwa macho yangu kwamba mkwe ana hoja. Foleni ya magunia kwenye geti la soko ilikuwa ndefu mpaka kwa mafundi baiskeli, wenyewe wote wakimsubiri Bibi Kipimo, na yeye yuko soko jingine maana ni mmoja kwa masoko yote ya upande huu. Mvua ikanyesha juu ya magunia. Mkulima mmoja akapanda juu ya mzigo wake na kupiga kelele: "Yalikuja makavu! Yanaoza yakisubiri kupimwa yasije yakaoza!" Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Mimi nilijua kwamba inachekesha.

17 Mei

Mvua.

24 Mei

Redio imetangaza. Ukaguzi wa lazima wa nafaka umeondolewa. Kuanzia sasa kila mfanyabiashara atajisimamia, ili kupunguza gharama na kumwachia mkulima uhuru wake. Soko zima lilipiga miluzi. Soko Huru alikuja kunikumbatia akaninyanyua kutoka chini, mtu mzima mimi. Chapchap alivuka barabara kunipa mkono. "Jirani, tumepona!"

Nikampa mkono. Nilitazama mlango wangu wa bluu.

25 Mei

Jua dogo. Bei ya kusaga kwa Chapchap imeshuka.

30 Mei

Mvua. Bibi Kipimo alikuja bila kifaa. Akasimama mlangoni kama mteja. Nyumba aliyokuwa akikaa ilikuwa ya kazi, wameichukua, na uhamisho wake haujulikani utatoka lini. Amesikia nina chumba cha uani.

Nilimtazama nikitafuta ile hasira ya mlango. Haikuwepo. Nikampa ufunguo.

4 Juni

Mvua asubuhi, mvua jioni. Mpangaji wangu amejifunza kwamba bomba la uani linataka kupigwa teke kidogo ndipo litoe maji. Analipiga teke kwa adabu.

9 Juni

Wateja wanapungua. Siwalaumu. Chapchap hachambui, kwa hiyo halipi wachambuaji, kwa hiyo ni rahisi, na anasaga yaliyolowa na makavu bila kuuliza. Unga wake mweupe. Wangu pia mweupe. Mama muuza maandazi, mteja wangu wa miaka mingi, alipita na ndoo yake mlangoni kwangu akitazama upande mwingine. Kisha akarudi. "Nisamehe, baba. Watoto wengi, pesa kidogo. Na unga ni unga."

Jioni nilimhadithia Bibi Kipimo uani. Alikuwa anapepeta mchele wake.

"Hajakosea," akasema. "Angekuwa ananunua nyanya, angeibinya. Unga hauna uso. Ukishasagwa, uliooza na mzima ni ndugu mapacha. Mteja atachagua kwa nini, kama si kwa bei?"

"Mkwe wangu anasema soko linajisafisha."

"Linajisafisha, kweli. Ila kwa unga, mpaka mtu augue kwanza." Akapuliza makapi. "Na mimi nisijisifu. Yale magunia ya getini yaliozea mikononi mwangu. Niliandika nikaomba tuongezwe watu, hata wawili. Wakaona ni rahisi kunipunguza mimi."

"Na mlango wangu?"

Akaweka ungo chini. "Mlango ulikuwa ujinga. Ulikuwa katika kanuni, nikaufuata. Mtu akipewa rungu huona kila kitu ni nyoka."

Nilimpa chai.

12 Juni

Nimemwachisha mchambuaji mmoja. Alikunja kanga yake, akashukuru. Aliyebaki sasa amekaa katikati ya mkeka. Nilidhani nitaumia. Nimekwenda kupaka grisi mashine.

13 Juni

Mvua.

14 Juni

Mvua.

19 Juni

Soko Huru ameshinda zabuni ya kupeleka unga shule ya bweni, ile iliyo juu kidogo ya soko, ambayo kengele yake tunaisikia hapa. Ameahidi bei ya chini kuliko wote. Binti alikuja kunipa habari, amevaa gauni jipya la kijani, uso umejaa. "Baba, tukimaliza hili tunaweka bati kabla mtoto hajaja." Nikamwambia hongera. Akanishika shavu na kunitazama, kama anayemtazama mtu aliye ndani ya gari linaloondoka.

26 Juni

Leo nitaandika mrefu.

Asubuhi, mvua ya manyunyu. Lori la mkwe wangu lilirudi nyuma mpaka mlangoni kwangu. Yeye juu ya mzigo, binti mbele kwa dereva. Akaruka chini amelowa, anacheka. "Baba, mahindi ya shule haya. Yote yasagwe leo, kesho wanayataka."

Walipofungua turubai nilisikia harufu. Anayefanya kazi hii haiiti harufu mbaya. Ni kama nguo zilizosahaulika ndani ya beseni. Niliingiza mkono katika gunia mpaka kwenye kiwiko. Ndani kulikuwa na joto. Mahindi yaliyokauka huwa baridi. Yenye joto yanaota. Nikatoa konzi: punje za kijani, punje za kijivu zilizoshikana. Nikafungua gunia la chini, na la kando. Ni hivyohivyo.

"Umeyanunua haya yakiwa hivi?"

"Yalikuwa na unyevu kidogo tu. Barabara ilikatika, tukakaa njiani." Sauti yake ikashuka. "Baba, nimekopa kwa ajili ya mzigo huu. Nikichelewa kesho, zabuni imekwenda. Saga tu. Kwenye moto wa jiko la shule, kuna kitu kitabaki hai?"

"Sumu hii haifi kwa moto."

"Nani amesema? Yule mpangaji wako?"

Binti alikuwa ameshuka. Alichukua konzi moja akaisambaza kiganjani, kidole kikitenga mbaya na nzima, harakaharaka, kama mama yake. Sikutaka kutazama. Akasema, "Baba, tuchambue. Mimi nitakaa, mama yule wa mkekani atakaa, tuwaite na majirani. Zaidi ya nusu tutatupa, basi. Shule tutaomba siku mbili."

Mumewe akashika kichwa.  Nadhani kama ningesema "haya, shusheni", angekubali. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Lakini niliutazama mzigo ule, nikautazama mkeka, nikachoka.  Kutafuta watu, kugombana na shule, kugombana na mkwe, siku mbili za vumbi. Sikuweza kusema ndiyo, na kumwambia mwanangu hapana pia sikuweza.

Nikaenda uani. Bibi Kipimo alikuwa anafua.

"Njoo unifungie," nikasema.

Akanyoosha mgongo. "Nikufungie nini?"

"Mashine. Weka kufuli, weka lakiri yako, sema serikali imekataza. Pale mlangoni kuna mzigo umeoza, wa mwanangu. Ukikataza wewe, mimi sitakuwa nimekataa."

Povu lilikuwa likimdondoka kwenye viwiko. "Sina mamlaka, baba. Sina hata kufuli. Nikikufungia leo mimi ni mwizi tu aliyefunga duka la mtu."

"Miaka yote ulikuwa unafunga kwa mlango!"

Ndiyo mara ya kwanza kupaza sauti tangu msiba. Yeye akasuuza povu. Akajifuta mikono, akanifuata mpaka mbele, akasimama pembeni akiangalia gunia lililo wazi. Soko Huru alimwona, akacheka kwa hasira. "Mama, hapa si kwako tena." Naye akamjibu taratibu, "Mwanangu, najua. Usiyapeleke haya shule." Akasema mara moja tu. Akarudi uani.

Mimi nikazima swichi kubwa. Nikasema, "Mashine yangu leo haisagi." Sikusema haisagi kwa nini. Binti akanitazama. "Baba?" Nikasema tena, haisagi.

Ng'ambo, Chapchap alikuwa mlangoni amekunja mikono. "Jirani akichoka, jirani yupo!" akaita. Dereva akakata usukani. Barabara ni nyembamba, hata gia hakubadilisha. Lori lilivuka.

Niliingia ndani nikachemsha chai. Nilikuwa nasikia mashine ya Chapchap ikiunguruma na kukwama, maana mahindi mabichi huziba chekeche, kisha ikiunguruma tena. Iliunguruma siku nzima. Nilikunywa vikombe viwili. Kengele ya shule ikalia, watoto wakapiga kelele za kutoka darasani. Nilijisikia msafi. Nesi alitaka kujua najisikiaje. Basi, leo nilijisikia msafi.

27 Juni

Mvua.

28 Juni

Mvua.

2 Julai

Jua limetoka. Watu wameanika kila kitu, mpaka magodoro.

11 Julai

Jua. Bibi Kipimo anasema nikarabati paa la chumba chake. Nimesema nitalikarabati.

17 Julai

Shule ya bweni ina ugonjwa. Wanasema maji. Wanafunzi wanatapika, macho ya njano. Kisima kimefungwa.

18 Julai

Si maji, ni unga. Bibi Kipimo alitoka asubuhi na mapema kwenda shuleni, walimzuia getini. Alirudi akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa uani, hakupiga hata bomba teke.

19 Julai

Mtoto mmoja amefariki hospitalini. Msichana. Wengine bado wamelazwa.

Nilikwenda mashineni. Nilisaga debe mbili za mteja. Nilirudi.

21 Julai

Redio: ukaguzi wa lazima umerejeshwa, mara moja na kwa ukali. Mashine zote za soko zifungwe, nzima na mbovu. Sasa hata mtu aliyetwanga kinuni kwake anaogopa. Jana serikali haikuwepo kabisa, leo imekaa mpaka kwenye sufuria. Hawajui kusimama katikati, mlangoni, mahali pa kuona nani anaingia na nini.

Bibi Kipimo alikuja na maofisa wawili, amevaa sare yake. Alifunga kwa Chapchap, akavuka, akafunga kwangu.  Ofisa mmoja aliandika pia kwamba mlango una rangi iliyobanduka.

22 Julai

Walimuuliza Chapchap mzigo ulitoka wapi. Akasema aliuona asubuhi ile ukiwa mlangoni kwangu, na hakusema uongo. Wakaniuliza mimi. Nikamtaja mkwe wangu. Nilisema jina lake lote, na la baba yake. Walikwenda kumchukua nyumbani. Hakukimbia; walimkuta anafunga kamba za viatu, kama aliyekuwa anawasubiri.

Jioni binti alikuja. Nilidhani atanilaumu kwa kumtaja. Hakugusia. Alisimama, hakutaka kiti, tumbo lake mbele yetu.

"Baba, nimewaza sana. Ungeupokea, tungeuchambua."

"Ulikuwa umeoza zaidi ya nusu."

"Tungetupa zaidi ya nusu. Ungenigombeza, ungemgombeza na yeye, angekusikia, anakuogopa kuliko polisi. Wewe ulizima swichi tu. Ulijua mzigo unavuka kwenda kwa nani. Chapchap ana mkeka?"

Nilisema sikuusaga mimi.

"Najua hukuusaga. Mikono yako safi," akasema mwanangu. "Hata mimi yangu safi, nilirudi ndani ya lori nikanyamaza."

Alilia akaenda. Mimi nilifunga mlango.

24 Julai

Sikuandika jana. Sina cha hali ya hewa.

Nimemwambia Bibi Kipimo. Nilimsubiri atoke kazini. Nikamwambia kwamba kutoka mlangoni kwangu mpaka geti la shule ni mwendo ambao chai haiwezi kupoa. Mtunza stoo wa pale namfahamu, tulikuwa tunasalimiana. Ningepanda pale nikasema, unga unaokuja kesho usiupokee, nimeuona. Kuacha kusaga kulikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili nilikunywa chai.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Yeye pia macho yake yalikuwa mekundu. Kisha akasema, kwa upole, akitaka kunifariji:

"Hukuvunja sheria yoyote, baba. Wakati ule hakukuwa na sheria ya kukutaka useme."

Nilishika ukuta. Kitu kiliniuma hapa, chini ya mbavu, kuuma hasa. Angenitukana ningepona haraka. Kwa hiyo nilikuwa nasubiri sheria ndiyo nipande kilima? Na wewe, nikamuuliza, ulijua, mbona hukwenda? Akasema, "Nilijiambia si kazi yangu tena." Tukakaa. 

25 Julai

Nimekwenda kwa mama wa yule msichana. Ni fundi cherehani, anaishi nyuma ya shule. Nilielekezwa na watu watatu, kila mmoja akinitazama vizuri kabla ya kunyoosha kidole. Alikuwa amekaa kibarazani, cherehani imefunikwa. Aliniuliza kama natoka serikalini, maana wamekuja wengi.

"Hapana, mama. Mimi ni wa sokoni. Nina mashine ya kusaga."

Akainuka. Nikamwambia haraka kwamba si mimi niliyesaga. Halafu nikasikia nilivyosema, nikaona haya, nikaanza upya. Nikamwambia kwamba ule mzigo ulifika kwangu kwanza, nilitia mkono wangu ndani, niliona ukungu, nilijua unakwenda shuleni. Nilikataa kuusaga.

Alinitazama sana. Nadhani alikuwa anataka kushukuru. Uso wake ulikwenda huko, ukasimama.

"Uliona," akasema. "Ukamwambia nani?"

Nikajibu sikumwambia mtu.

Hakupiga kelele. Aliingia ndani akafunga mlango, na mimi nikabaki pale kibarazani mpaka nikakumbuka kwamba natakiwa kuondoka. Nililia njia nzima, mchana kweupe, katikati ya soko, watu wakinipisha.